Somo: Kusoma kisa cha biashara bila kukisimulia upya (mfano wetu ni M-Pesa)

Wakuu, habari za leo. Nimeulizwa sana kuhusu hizi keisi stadi za vyuo vya biashara, yaani visa vya kampuni halisi vya kufundishia uamuzi: kurasa ishirini, majedwali nyuma, halafu mwisho hakuna swali. Nami ziliwahi kunichoma. Mtihani wangu wa kwanza wa aina hii nilijaza kurasa nane, nikatoka kifua mbele. Karatasi ikarudi na maneno manne ya wino mwekundu: "Umenisimulia vizuri. Umeamua nini?"

Wengine huziita kesi tu, na hawajakosea sana. Chuo cha biashara cha Harvard, kilichoanza 1908, kiliuazima mtindo huu kwa jirani zake wa sheria, ambao walikuwa wakifundisha kwa hukumu za mahakama tangu miaka ya 1870. Tofauti ni kwamba mwanasheria anasoma kesi iliyokwisha kuamuliwa. Wewe unakabidhiwa jalada, na hakimu ni wewe.

Nimechagua M-Pesa kwa kuwa kila mtu hapa anaijua. Hiyo pia ndiyo hatari yake, mtaona.

HATUA YA 1: Tafuta mtu na tarehe

Usianze kusoma mstari kwa mstari. Soma ukurasa wa kwanza, ruka hadi wa mwisho, pitia vichwa vidogo, tupia jicho majedwali. Dakika kumi na tano zinatosha. Unatafuta vitu viwili: nani anatakiwa kuamua, na ni siku gani.

Kwetu, mtu ni mkuu wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, wakati huo Michael Joseph. Mwaka ni 2006. Jaribio la M-Pesa limekwisha, lazima aseme twende au tuache.

Sasa chora mstari hapo. Chochote kilichotokea baada ya tarehe hiyo hukijui. Hujui kuna mawakala kila kona, hujui bibi yako Same atapokea hela akiwa shambani. Ukiandika "Safaricom iendelee kwa sababu M-Pesa itafanikiwa", umeiba majibu.

HATUA YA 2: Soma ukiwa na kalamu tatu

Rangi moja kwa mambo yaliyotokea, moja kwa maoni ya watu waliomo kwenye kisa, moja kwa makisio. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea.

Mambo yaliyotokea: mradi ulianza kwa fedha za shirika la misaada la serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni 1, na Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa Safaricom, nao wakatia zao. Walioubeba ni Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone. Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi, Mathare na Thika, kwa wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya. Wateja walipewa simu. Lengo lilikuwa jepesi kulieleza: mkopo uingie kwa simu, marejesho yatoke kwa simu.

Halafu watu wakafanya yao. Mmoja anamlipia mwenzake rejesho, wanamalizana pembeni. Mwingine anaweka pesa kwa wakala kabla ya kupanda gari, akishuka anaitoa, ili njiani asibebe kitu cha kuibiwa. Wafanyabiashara wakaigeuza kabati la kulaza mauzo ya siku. Wengine wakawatumia ndugu waliokuwa mbali.

Huku nyuma, ofisi ya mikopo inahangaika. Hesabu za simu na hesabu zao haziongei, zinaoanishwa kwa mkono. Na kubwa zaidi: mikopo ya vikundi inasimama juu ya mkutano wa kila wiki, pale unapomtazama machoni aliyechelewa. Kama rejesho linalipwa kwa simu, nani atakuja mkutanoni? Mwanafunzi mwenye haraka huliandika hili kuwa "changamoto za utekelezaji" na kupita. Hapana! Hapo bidhaa iliyojaribiwa inapigana na biashara ya mshirika wake mwenyewe.

HATUA YA 3: Piga hesabu, hata ndogo

Majedwali hayakuwekwa kwa urembo. Kama kisa hakina namba unayoitaka, jitengenezee ya kukisia na useme wazi kwamba umekisia. Mimi huanza na mtu wa chini kabisa kwenye mnyororo, wakala.

Tuseme ana mtaji wa 1,000,000: laki tano taslimu kwenye droo, laki tano floti, yaani salio lake la uwakala kwenye simu. Yuko mahali ambapo watu wanatoa zaidi kuliko wanavyoweka. Wanakuja wateja kumi, kila mmoja anatoa 50,000. Kwenye saa nne asubuhi droo ni tupu na floti imekuwa 1,000,000. Hajapoteza hata senti, ila kazi imesimama. Mteja wa kumi na moja anaambiwa "hela hakuna, jaribu baadaye", na huyo hatarudi.

Tuseme kamisheni ni 600 kwa mteja, kwa hiyo amepata 6,000. Bodaboda ya kwenda benki na kurudi ni 4,000, na kibanda kimefungwa kwa muda wa saa mbili. Kabakiwa na 2,000. Kwa pesa hiyo angeuza vocha tu akae kivulini.

Mnaona sasa? Teknolojia ilishafanya kazi Thika. Swali gumu ni nani atampelekea wakala taslimu, na kwa gharama ya nani. Ndiyo maana baadaye kukawa na mawakala wakuu. Ila ninyi mko 2006, kwa hiyo mnapaswa kulifikia wazo hilo wenyewe.

HATUA YA 4: Njia mbili tatu, kisha chagua

Hapa kuna (a) kuitoa ilivyojaribiwa, huduma ya marejesho ya mikopo. (B) kuvua mikopo yote na kubaki na kuweka, kutuma na kutoa. (C) kuacha, na kurudi kwenye biashara ya muda wa maongezi inayolipa.

Chagua moja, utoe sababu mbili nzito, halafu uandike kitu ambacho watu hukikwepa: ni jambo gani likitokea utabadili mawazo. Kwa (b) mimi ningeandika: Benki Kuu ya Kenya ikikataa kampuni isiyo benki kushika pesa za watu. Hilo ni jiwe halisi, na lilihitaji pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya amana benki, mbali na mfuko wa kampuni.

HATUA YA 5: Darasani

Mwalimu atakutaja jina bila taarifa. Anza na uamuzi, sababu zifuate. Basi.

Ndipo sasa ufungue yaliyotokea: Machi 2007 walitoka na (b), kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha waliojisajili walipita milioni 1.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Shukrani mkuu. Mwalimu wetu anataka SWOT (jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho) kila kisa. Niiache?

Jibu: Usigombane na anayekupa maksi. Ijaze, ila iwe rasimu yako. Kila mstari uulize "kwa hiyo?" Usiojibika ufute. "Safaricom ina jina kubwa", kwa hiyo? Kwa hiyo mtu atakubali kumwachia wakala asiyemjua elfu tano yake, kwa kuwa kibanda kina rangi ya kijani. Huo ubaki.

Swali (Nairobi): Boss, si ni rahisi tu ku-google nione waliamua nini?

Jibu: Google, lakini ukishaandika uamuzi wako na kuweka tarehe juu. Tena kumbuka kwamba uamuzi mzuri unaweza kuishia vibaya, na wa hovyo ukabebwa na bahati. Anayejua mwisho hupoteza uwezo wa kutofautisha hivyo viwili.

Swali (Dar): Kaka, bidhaa ni hiyohiyo. Mbona Bongo ilisuasua mwanzoni, na Afrika Kusini ikafa kabisa?

Jibu: Swali zuri kuliko somo langu. Vodacom waliileta Tanzania 2008. Kenya, Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa ya wateja wote wa simu, hivyo unayemtumia naye yupo humohumo. Sisi mtandao huu una mjomba, ule una shangazi, na kutumiana kati ya mitandao kulianza kupata njia rasmi 2014. Ongeza ukubwa wa nchi: wakala wa Katavi na benki yake ni safari. Afrika Kusini walianza 2010, wakajaribu upya 2014, wakafunga 2016. Kule watu wengi walikuwa na akaunti benki na mashine za kutolea pesa zilikuwa zimeenea. Shida iliyoizaa M-Pesa haikuwa na ukali uleule. Ukiandika kisa cha kulinganisha, anzia kwenye shida ya mteja.

Swali (Mwanza): Mwalimu, mimi sisomi chuo, nina duka la vifaa vya ujenzi. Haya yananihusu?

Jibu: Sana, dada yangu. Chukua daftari, andika uamuzi mmoja unaokukosesha usingizi. Mfano: nimkopeshe fundi saruji hadi alipwe na tajiri wake? Andika tarehe, unachokijua leo, unachokisia, njia mbili, na unachochagua. Baada ya miezi mitatu ujisome. Utashangaa ni mangapi uliyokuwa "unayajua" kumbe ulikisia.

Swali (Masasi): Mimi ni wakala mwaka wa saba huu. Hesabu yako ya saa nne asubuhi ni ya mtu wa mjini. Huku kwetu pesa za korosho zikiingia, laki tano haifiki hata saa mbili. Na msimu ukiisha mambo ni kinyume, siku nzima unasubiri mtu mmoja. Huyo wakala wako ana mtaji uleule mwaka mzima, nani anaishi hivyo?

Jibu: Hapo umenikamata, mkuu. Nilichukua siku moja nikaifanya mwaka. Naomba unisaidie: msimu ukikaribia, taslimu ya ziada unaitoa wapi?

Masasi: Kwa mwenye duka la jumla jirani. Yeye mchana anapokea noti anazoogopa kulala nazo, mimi nazitaka. Namtumia floti, ananipa noti, bodaboda haipo. Soda yake moja.