Batani inajibonyeza yenyewe, dirisha linaganda: ukianza na Tkinter pita hapa kwanza

Kama unajifunza Python na ushachoka na programu za skrini nyeusi, wengi tunakimbilia Tkinter (ya kutengenezea madirisha na batani), kwa sababu ukiinstoli Python kwenye Windows inakuja nayo, hupotezi bando kushusha kitu kingine. Wa Ubuntu ndo unaweza kukuta haipo, andika tu sudo apt install python3-tk na maisha yanaendelea.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Shangazi yangu ana duka la vyakula na madeni alikuwa anaandika kwenye daftari la kaunta, nikamwambia shangazi nipe wiki moja nakutengenezea programu ya kompyuta. Wiki ikawa miezi mitatu, na sio kwamba kulikuwa na kitu kigumu saaana, ni vidude vidogo ambavyo kila kimoja kilinikalisha siku mbili naangalia skrini kama nimefiwa. Ndo navimwaga hapa.

Ila kwanza elewa kitu kimoja mana nusu ya matatizo yanatoka hapo. Programu ya skrini nyeusi inaanza mstari wa juu, inashuka mpaka wa chini, imeisha. Ya dirisha haiko hivyo. Yenyewe inapanga bidhaa kwenye shelfu, inafungua mlango, alafu inakaa kwenye stuli inasubiri mteja. Akija akabonyeza batani inanyanyuka inamhudumia inarudi kwenye stuli. Huko kukaa kwenye stuli ndo mainloop.

Kwa hiyo dirisha likitokea sekunde moja likapotea, angalia mwisho wa kodi yako (kodi ya programu, sio ya nyumba) kama kuna dirisha.mainloop() (dirisha ni lile ulilolitengeneza kwa dirisha = Tk()). Hakuna? Basi duka limefunguliwa na kufungwa hapo hapo. Na ukiiweka katikati, vyote ulivyoandika chini yake vinasubiri mpaka mtu afunge dirisha ndo vifanye kazi. Alafu IDLE (kile kihariri kinachokuja na Python) inadanganya, humo dirisha linaweza kukaa vizuri tu hata bila mainloop, unajisifu, ukienda kubonyeza faili lenyewe mara mbili linamulika kama radi limeondoka.

Kingine, usiliite faili lako tkinter.py. Najua linavutia. Python ikiambiwa import tkinter italichukua hilo lako badala ya lile la kweli, ikulalamikie kwamba tkinter haina kitu kinaitwa Tk, na wewe unaapa kwamba kipo.

Sasa batani. Unaandika hivi:

Button(dirisha, text="Hifadhi", command=hifadhi())

Unafungua programu, kabla hujagusa chochote tayari imeshahifadhi, alafu ukibonyeza batani kimya. Hayo mabano mawili ya mwisho ndo mchawi. Ukiweka mabano unaiambia Python fanya sasa hivi, inafanya, na batani inapewa majibu ya kazi badala ya kazi (fanksheni) yenyewe, na majibu hayo mara nyingi ni None. Toa mabano, command=hifadhi basi. Kama unataka kupeleka na kitu ndani weka lambda, yani kifanksheni kidogo kinachosubiri mpaka kibonyezwe, command=lambda: futa(namba). Na kama unatengeneza batani kumi kwa for, andika lambda n=n: futa(n), usipofanya hivyo batani zote kumi zitafuta mteja wa mwisho, na yule mteja wa mwisho atakupenda sana.

Hii nyingine ilinila Jumamosi nzima:

kiasi = Entry(dirisha).grid(row=0, column=1)

Kiboksi kinaonekana, unaandika ndani, ukisema kiasi.get() unapewa 'NoneType' object has no attribute 'get'. Ni kwamba grid inapanga kitu alafu hairudishi chochote, kwa hiyo kiasi sio kiboksi tena, ni hewa. Vunja mistari miwili, wa kwanza kiasi = Entry(dirisha), wa pili kiasi.grid(row=0, column=1). pack nayo hivyo hivyo. Na tukiwa hapo hapo, pack na grid usizichanganye ndani ya mzazi mmoja (yani dirisha au kitu kinachobeba vingine ndani), Tkinter itagoma na kukwambia cannot use geometry manager grid inside. Ukizitaka zote mbili tengeneza Frame (kisanduku cha kubebea vitu), ndani ya Frame hii tumia grid, Frame yenyewe iweke kwa pack, hapo hazigombani.

Tuje kwenye namba, hapa tukae kidogo mana hapa ndo shangazi alinifundisha kazi. Kitu chochote kinachotoka kwenye kiboksi ni maandishi, hata kama mtu kaandika 500. Ukijumlisha 500 na 500 unapata 500500. Mteja kachukua mchele wa mia tano na maharage ya mia tano, programu inasema anadaiwa laki tano na mia tano. Unaweka int() unajiona umemaliza. Mimi nikampelekea, akakaa, akaandika 1,500 na koma yake kama anavyoandika siku zote, pwaa. Nikamwambia shangazi usiweke koma. Akaandika 1500/= . Pwaa tena. Akaniangalia akasema mwanangu, hii mashine yako haijawahi kushika hela?

Alikuwa sahihi yeye. Watu wanaandika hela wanavyoandika, programu ndo inatakiwa iwafuate:

maneno = kiasi.get().replace(",", "").replace("/=", "").strip()
try:
    hela = int(maneno)
except ValueError:
    messagebox.showwarning("Samahani", "Andika kiasi kwa namba")
    return

Juu weka from tkinter import messagebox, hiyo haiji yenyewe hata kama uliandika from tkinter import *. Na shilingi zihesabu kwa int, achana na float (namba za desimali), float ukiijumlishia 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004, utamweleza nini mtu mzima.

Kuhifadhi madeni nilitumia SQLite (database inayokaa kwenye faili moja), nayo inakuja na Python. Kosa la kwanza la kila mtu ni kusahau kuandika commit(), unaingiza vitu, unaviona, ukifunga ukafungua hakuna. Hilo dogo. Lililonitoa jasho ni hili: programu ilikuwa inaandika sukari, unga, sabuni, chumvi, kila kitu safi, ila shangazi akitaka kuingiza maziwa inakataa. Sio maziwa yote, ya unga yanaingia. Tukakaa pale wawili tunaangaliana, tunajaribu moja moja, mpaka nikasoma vizuri mstari wa mwisho wa kosa umeandikwa near "ombe": syntax error.

Ombe?

Maziwa ya ng'ombe. Kile kialama juu kati ya ng na o. Mimi nilikuwa naunganisha maneno mwenyewe, "INSERT INTO bidhaa VALUES ('" + jina + "', " + str(bei) + ")", na SQLite inatumia kialama hicho hicho kujua neno limeanzia wapi limeishia wapi, ikaona neno limeishia kwenye ng, hiyo ombe iliyobaki ikabaki inashangaa. Na kwa Kiswahili chetu hiki ving'amuzi, kung'arisha, ng'ombe, lazima siku moja ikukute. Dawa ni alama ya kuulizia (kasa hapa ni cursor, ile inayopeleka amri kwa SQLite):

kasa.execute("INSERT INTO bidhaa VALUES (?, ?)", (jina, bei))

Hapo SQLite inapokea jina lilivyo, na kwa njia hiyo hiyo unakuwa umemzuia mtu mwenye nia mbaya asikuandikie amri zake kwenye kiboksi cha jina. Kama una kitu kimoja tu usisahau koma, (jina,) sio (jina).

Kuganda sasa. Kumbuka yule wa kwenye stuli, yuko peke yake dukani. Ukiweka time.sleep(5) ndani ya kazi ya batani ni sawa na muuzaji kaenda kuswali mlango kaacha wazi, wateja wanaita hodi hodi hakuna anayejibu, Windows ikisubiri ikachoka inaandika Not Responding pale juu. Kama unataka kitu kijirudie, mfano saa, tumia after:

def saa():
    lebo.config(text=time.strftime("%H:%M:%S"))
    dirisha.after(1000, saa)

1000 ni milisekunde, yani sekunde moja. Na tena bila mabano, ukiweka saa() inajiita yenyewe bila kupumua mpaka Python inakata tamaa na RecursionError. Kama kazi ni nzito kweli, kwa mfano kuvuta kitu kwenye intaneti, ipe threading, yani msaidizi wa kufanya kazi pembeni, ila huyo msaidizi usimruhusu aguse dirisha, lebo wala kiboksi. Aweke majibu kwenye queue.Queue (foleni), alafu dirisha lenyewe kwa after lichungulie kila milisekunde 100 kama kuna kipya.

Picha isipoonekana na hakuna kosa lolote, una PhotoImage ndani ya fanksheni, fanksheni ikiisha Python inafagia picha na uchafu mwingine. Andika lebo.picha = picha, imeisha hiyo.

Mwisho kugeuza iwe exe. PyInstaller, pyinstaller --onefile --windowed duka.py, na ya Windows itengenezee kwenye Windows mana ukiitengenezea Linux haitoki exe. Antivairasi inaweza kukushtaki bure, hiyo inatokea sana na --onefile. Mimi nikaipeleka dukani, tukaingiza madeni ya siku nzima, kesho yake asubuhi napigiwa simu, "mwanangu umewasamehe watu wote?" Programu nyeupe, hakuna deni hata moja.

Nilikuwa nimeweka duka.db kwenye Path(__file__).parent, yani folda lilipo faili la programu, na kwangu kwenye laptopu ilikuwa inafanya kazi bila shida. Ila exe ya --onefile ukiifungua inajimwaga kwanza kwenye folda la muda linaloanza na _MEI, na ukiifunga folda lile linafutwa na kila kilichomo. Kwa hiyo madeni yalikuwa yanahifadhiwa vizuri kabisa, kwenye pipa la taka. Data iweke kwenye folda la mwenye kompyuta:

folda = Path.home() / "DukaData"
folda.mkdir(exist_ok=True)
kon = sqlite3.connect(folda / "duka.db")

Na kwa kuwa --windowed inaficha ile skrini nyeusi, makosa nayo hutayaona tena, batani itakaa kimya tu. Kabla ya mainloop mpe dirisha.report_callback_exception fanksheni yako inayopokea vitu vitatu na kuandika kosa kwenye faili la makosa.txt humo humo kwenye DukaData, ili shangazi akipiga simu umwambie nitumie lile faili kwa WhatsApp, badala ya kupanda daladala mbili kwenda kusoma mstari mmoja.

Madeni ya siku ile tuliyapata. Daftari la kaunta hakuwahi kulitupa.