Unataka DSLR ya kuanzia? Angalia haya kabla hujatoa hela

Kama una hela ya kamera moja tu na lengo lako ni kujifunza mpaka ufike mahali pa kupiga shughuli za watu, sendofu, kipaimara, besdei, basi DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi yenye kioo ndani) ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, bado ndo njia nafuu, maana wapiga picha wengi wamehamia miralesi (zisizo na kioo hicho) na za zamani wanaziuza, hata Nikon wenyewe D3500 walishaacha kuitengeneza. Ila tafadhali usichague kwa megapikseli. Picha ya A4 ikichapwa vizuri inataka kama megapikseli 9 hivi, A3 inataka kama 17 na nusu, na Canon 700D ya mwaka 2013 ina 18. Zinatosha kabisa.

Cha kuuliza ni kitu gani hii kamera itakukatalia miezi sita mbele ukishaanza kujua.

Kuna flashi, hapa watu wanaumia sana. Canon 2000D na 4000D, zote za 2018, zimeondolewa ile pini ya katikati pale juu flashi inapokaa, na 250D ya 2019 ni hivyohivyo. Sasa flashi za bei nafuu kama Godox TT600 na triga nyingi (vifaa vya kuwasha taa kwa mbali) za taa za studio zinategemea pini hiyohiyo, kwaiyo unachomeka unabonyeza, kimya. Halafu 1300D ambayo ni ya 2016 pini inayo, na 200D inayo pia. Ukiishika kamera ya Canon dukani tazama tu pale juu, lazima uone kidoti kimoja kikubwa katikati na vidogo vinne. Kikubwa hakipo, rudisha. Na 4000D mi simshauri mtu kabisa, pale lenzi inapofungwa ni plastiki, na kile kidirisha cha kuchungulia hakirekebishiki kwa mtu mwenye shida ya macho.

Kama unawaza na video, tafuta tundu la maiki. 1300D na 2000D hazina. 700D inalo, 200D inalo, na 200D ndo ninayoipenda kuliko zote kwenye kundi hili, skrini inageuka ya kugusa, fokasi inafuata uso vizuri wakati wa kurekodi. Upande wa Nikon, D3300 inalo, D3400 na D3500 wakalitoa, D5300 na D5600 zinalo.

Nikon nazo zina jambo lao, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) zote za familia ya D3000 (mpaka D3500) na ya D5000 (mpaka D5600) hazina mota ya fokasi ndani, kwaiyo lenzi za zamani za AF-D, zinazotegemea mota ya kamera, utazungusha fokasi kwa mkono. Ukiambiwa kuna lenzi ya 50mm nzuri ya bei ya chini ya Nikon, soma pembeni yake, unataka iandikwe AF-S, yaani ina mota yake. Zenye AF-P ni nzuri pia lakini bodi za zamani kama D3200 hazizikubali.

Sasa lenzi, na hapa ndo naomba unisikilize. Usimalize hela yote kwenye bodi. Ile 18-55 inayokuja na kamera ni nzuri mchana nje, lakini ukumbini usiku ukivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo ndo mwanga unaingia mwingi), wakati 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Tofauti hiyo huipati kwa kubadilisha bodi. Bora bodi ya 2013 na lenzi mbili kuliko bodi ya 2018 na lenzi moja. Angalizo, kwenye kamera hizi 50mm inabana, ni kama 80mm kwa Canon, ukiwa sebuleni utarudi nyuma mpaka ukutani familia haijaenea. Kama kazi zako nyingi ni ndani tafuta Canon 24mm f/2.8 STM, au 35mm f/1.8 ya DX kwa Nikon, hiyo ya mwisho inafaa karibu kila kitu.

Ukienda kuikagua ya mkononi nenda mchana na memori kadi yako. Weka modi ya Av (A kwa Nikon), ile unayochagua mwenyewe namba ya f, weka f/22, piga ukuta mweupe kisha zuumu, vidoti vyeusi ni vumbi kwenye sensa (kile kinachonasa picha ndani), fundi anasafisha, ila mstari wa mkwaruzo achana nayo. Kwa Nikon, picha moja ya JPEG uipandishe kwenye tovuti za kusoma shata kaunti (idadi ya picha kamera ilizokwisha piga), usiipitishe WhatsApp kwanza inafuta taarifa. D3300 na D5300 Nikon walizipima shata mpaka mara 100,000, kwaiyo yenye elfu 20 ni changa. Canon hizi ndogo haziandiki namba hiyo ndani ya picha, itabidi uchomeke kwenye kompyuta yenye programu yake. Usishangae pia ukikuta imeandikwa Kiss X7i au Rebel T5i, ni 700D ileile ya soko la Japani na la Marekani.

Lenzi imulike na tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo hiyo ni fangasi, usinunue hata kwa nusu bei. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar unyevu ni mwingi na fangasi wanaupenda, kwaiyo hata yako ukishaipata usiifungie kwenye begi kabatini wiki nzima, weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya silika, vibadilishe vikishalowa.