Somo: Chaja ya betri ndogo ya volti 12 inayojua betri imejaa

Hapa Bukavu nyumba nyingi zina ile betri ndogo nyeusi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, iliyotolewa kwenye onduleri (UPS) ya kompyuta au kununuliwa kwa ajili ya taa umeme unapokatika. Nyingi zinakufa kabla ya wakati wake. Ukiuliza zilikuwa zinachajiwa na nini, jibu ni lile lile: chaja ya gari, au transfoma na diodi nne basi.

Chaja ya namna hiyo haina kikomo. Betri ikishajaa, volti zinaendelea kupanda hadi 15, 16 na zaidi, maji yaliyo ndani yanageuka gesi, na gesi inatokea kwenye vali. Betri hii haina kifuniko cha kuongezea maji, kwa hiyo kilichotoka hakirudi. Tazama ubavuni mwake: mtengenezaji ameandika safu mbili za volti. Ya matumizi ya kila siku huwa kama 14.4 hadi 15.0, na ya kukaa kwenye chaja muda wote ni 13.5 hadi 13.8. Ameandika pia ampea za juu kabisa, ambazo kwa betri ya 7 huwa karibu 2.1. Chaja ya somo hili inaheshimu namba hizo: volti 13.7, na ampea zisizozidi 0.6 hivi. Inachaji polepole, lakini unaweza kuiacha imeunganishwa wiki nzima.

Vitu vya kutafuta

Transfoma ya 220 kwenda 18, ampea 1.5 (redio kubwa na amplifaya zilizokufa zinazo nzuri). Diodi tano za 1N5401. Kapasita ya mikrofaradi 4700, volti 35. Ukipata ya 50 ni bora zaidi. Rigyuleta LM317, kifaa cha miguu mitatu kinachoshikilia volti zisipande. Transista BC547. Rezista za ohmi 220, 1800, 100, moja ya ohmi 1 ya wati 2, na moja ya ohmi 1000 ya nusu wati ya kupimia. Potensiometa (rezista inayobadilishwa) ndogo ya ohmi 1000, ile ya kuzungushwa kwa bisibisi. Kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1. Fyuzi mbili pamoja na vishikio vyake: ya ampea 1 kwa betri, ya ampea 0.5 kwa upande wa 220. Kipande kikubwa cha aluminiamu cha kupoozea.

Wengi watauliza kwa nini transfoma ya 18 wakati ya 15 inatosha kwenye hesabu. Inatosha pale ambapo ukutani kuna 220 kamili. Jioni watu wote wakiwasha, mtaani kwetu umeme unaweza kushuka hadi 170, na hapo transfoma ya 15 inatoa chini ya 12. Rigyuleta inahitaji kupokea volti kama 2 au zaidi juu ya zile inazotoa, la sivyo chaja imewashwa tu na betri haijai. Ya 18 inavumilia jioni hizo. Gharama yake ni joto, ndiyo maana nimesema aluminiamu iwe kubwa.

Hatua ya 1: Kutoka ukutani hadi kapasita

Fyuzi ya ampea 0.5 kwenye waya wa 220, halafu transfoma, halafu diodi nne za daraja (zinageuza umeme wa transfoma uende upande mmoja), halafu kapasita kubwa, chanya kwa chanya. Funika viungo vyote vya 220 kabla ya kuchomeka. Huo ndio upande unaoua mtu. Pima kwenye kapasita: utaona kati ya 24 na 28, kwa kuwa bado haina mzigo.

Hatua ya 2: Rigyuleta

Ishike LM317 maandishi yakikutazama, miguu chini. Wa kushoto ni mguu wa marekebisho, wa katikati ni wa kutokea, wa kulia ni wa kuingilia. Chanya ya kapasita iende kulia, na kapasita ndogo ya 0.1 ikae karibu na mguu huo, upande wake wa pili kwenye hasi. Ohmi 220 iunganishe katikati na kushoto. Kutoka kushoto, weka 1800 na potensiometa kwa mfuatano hadi hasi ya kapasita kubwa. Diodi ya tano itoke mguu wa katikati kwenda chanya ya betri, mstari wake ukielekea betri. Hiyo inazuia betri isirudishe umeme ndani ya chaja wakati umeme wa nyumba umekatika.

Angalia hili sana: bati la mgongoni mwa LM317 limeungana na mguu wa katikati. Usilifunge kwenye sanduku la chuma bila karatasi ya maika na kikombe cha plastiki cha skrubu, vya kuzuia umeme usipite.

Hatua ya 3: Kikomo cha ampea

Hapa ndipo chaja nyingi za mtaani zinapokosa. Hasi ya betri isiende moja kwa moja kwenye hasi ya kapasita. Ipitie kwenye ile rezista ya ohmi 1. BC547 ukiitazama upande bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Kolekta iende mguu wa marekebisho wa LM317. Besi ipitie ohmi 100 hadi hasi ya betri. Emita iende hasi ya kapasita.

Ampea zikifika kama 0.6, rezista ya ohmi 1 inakuwa na volti 0.6, transista inafunguka na kuuvuta chini mguu wa marekebisho. Volti zinashuka, ampea hazipandi tena. Betri tupu haiwezi kuichoma chaja, na chaja haiwezi kuichemsha betri.

Hatua ya 4: Kurekebisha

Bila betri, weka rezista ya ohmi 1000 ya nusu wati mahali pa betri, kwa sababu diodi bila mzigo inadanganya kipimo. Multimita ikae hapo hapo, baada ya diodi. Zungusha polepole hadi 13.7, kisha dondoshea potensiometa tone la rangi ya kucha isihame.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Fyuzi ya ampea 1 karibu na chanya ya betri. Betri tupu ya 7 itachukua usiku mzima na sehemu ya mchana. Iwe mahali penye hewa, isifungiwe kabatini.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kadutu: Fundi, nina saluni, siwezi kungoja muda wote huo. Nikipandisha hadi 14.4?*

Unaweza, ila hapo lazima uitoe ikijaa. Pima volti juu ya ile rezista ya ohmi 1: volti unazosoma ndizo ampea. Zikishuka hadi 0.1, ondoa betri. Kama hutakuwepo kuangalia, baki na 13.7.

*Kutoka Bagira: Yaya, yangu ni ya volti 6, ampea-saa 4.5, ya taa ya kichwa.*

Transfoma iwe ya 12. Badala ya 1800 weka 680, rekebisha hadi 6.85. Rezista ya ohmi 1 ibadilishe kwa 1.5, ampea zitakuwa kama 0.4.

*Kutoka Lubumbashi: Huku mwezi wa kumi joto ni kali. Namba ni hizo hizo?*

Hapana. 13.7 ni ya nyuzi karibu 25. Kila nyuzi ikizidi, punguza volti 0.02. Chumba cha nyuzi 35 kinataka 13.5. Sisi tuko mita kama 1500 juu ya bahari, kuna ubaridi, hatusumbuki sana.

*Mama mmoja wa Panzi: Nina paneli ya jua ya wati 20. Mwanangu ameiunga moja kwa moja kwenye betri.*

Mama, mwambie aitoe leo. Paneli hiyo jua likiwa kali inaweza kufika volti 21 bila mzigo. Aiunge mahali pa transfoma na daraja, chanya na hasi kwenye ile kapasita kubwa, mengine yabaki kama yalivyo.

*Kutoka Nyawera: Betri yangu imekaa tupu miezi mingi, inasoma 9. Nimeambiwa niipasue niongeze asidi.*

Usiipasue. Ndani kuna risasi na asidi, na risasi inaharibu ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Iweke kwenye chaja hii siku moja, ukiigusa mara kwa mara. Ikipata moto, ondoa. Isipopata moto, itoe kwenye chaja, ngoja masaa machache, upime. Ikiwa karibu na 12.8 imepona. Ikibaki kwenye 10.5 au 11, seli moja imekufa. Ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, bila kutobolewa.