Jenereta ikizimika baada ya dakika 10, anza na kifuniko cha tangi

Jana nimehangaika na kabureta nusu siku, kumbe tatizo lilikuwa kwenye kifuniko cha tangi. Kama jenereta yako ndogo ya petroli inawaka vizuri, inakwenda dakika 10 hivi, inakohoa kohoa kisha inazimika, legeza kifuniko taratibu na usikilize. Ukisikia "fsss" ya hewa ikiingia, na mashine ikawaka tena, mchawi umempata. Kifuniko kina kitundu cha hewa. Kikiziba kwa vumbi, petroli inapungua tangini lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, basi mafuta yanagoma kushuka kwenye kabureta. Kioshe kwa maji ya sabuni, kipulize, kikauke kabisa. Usiendelee kuiwasha kikiwa kimelegea: mtikisiko utamwaga petroli kwenye ekzosi ya moto. Vifuniko vingine vina kiswichi cha kufungua na kufunga hewa juu, kwanza angalia kama kimefunguliwa (mimi nimeshakisahau mara mbili). Ikizimika ghafla bila kukohoa, mara nyingi hewa haihusiki. Pima oili, maana nyingi zina sensa inayokata moto wa plagi oili ikishuka.