Somo: Kuchagua rejeta ya hita itakayodumu katika gari la miaka mingi

Rejeta ya hita hukaa ndani ya boksi nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake, feni ikapuliza hewa katikati ya mirija yake, na hewa hiyo ndiyo inayopasha joto chumba cha abiria na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Spea yenyewe hushikika kwa mkono mmoja, lakini katika magari mengi huwezi kuifikia bila kung'oa dashibodi, kazi inayoweza kumaliza siku nzima. Kwa hiyo anayelinganisha bei za rejeta peke yake amesahau gharama iliyo kubwa zaidi, nayo ni kung'oa dashibodi mara ya pili.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba rejeta ndiyo mbovu

Dalili za kuvuja ni harufu tamu ndani ya gari, utando wa mafutamafuta kwenye kioo, zulia lililolowa, na maji ya injini kupungua bila tone kuonekana chini ya gari. Usiliamini zulia peke yake, kwa kuwa mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi ukiziba nao hulowesha zulia. Maji hayo huwa safi, hayanati wala hayanuki. Ikiwa tatizo ni ukosefu wa joto, kwanza hakikisha maji yamejaa, kisha injini ikishapata moto gusa kwa uangalifu mipira miwili ya hita, yaani mabomba ya mpira yanayoingiza na kutoa maji: ikiwa yote ni ya moto, chunguza mlango wa hewa, ule unaoelekeza hewa kwenye rejeta, ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine wa baridi, rejeta imeziba au vali yake haifunguki.

Hatua ya 2: Vipimo

Tafuta spea kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari na mwaka tu, kwa sababu gari la aina moja huweza kuwa na rejeta mbili tofauti, moja ya lenye kiyoyozi na nyingine ya lisilo nacho. Ukiwa na ya zamani mkononi, pima urefu, upana na unene wake, kipenyo cha mabomba, ambacho mara nyingi huwa milimita 16 au 19, na pembe ambayo mabomba hayo yameelekea. Unene ndio unaopuuzwa zaidi: rejeta nyembamba kuliko ya asili huacha pengo, na hewa hupita pembeni bila kupata joto.

Hatua ya 3: Metali na maungio

Magari mengi ya zamani yalikuja na rejeta za shaba zilizolehemiwa, ilhali spea nyingi za sasa ni za alumini. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi, na fundi wa rejeta anaweza kuilehemu tena. Alumini ni nyepesi, lakini ikitoboka huwa vigumu kuizibia. Hata hivyo, mimi huyatazama maungio kabla ya metali, kwa sababu alumini iliyounganishwa vizuri huipita shaba iliyolehemiwa ovyo. Kagua mahali bomba linapoingia kwenye tangi, yaani sehemu ya pembeni ya rejeta inayokusanya maji, kwani hapo ndipo mtu huvuta anapotoa mpira, na ndipo panapopasuka. Tangi la plastiki lililobanwa juu ya gasketi ya mpira huongeza mahali pa kuvuja; palipo na chaguo, chukua la metali tupu.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kufunga

Ziba bomba moja, pampu hewa kwenye jingine hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta kubwa, ile inayopoza injini, ambalo katika magari mengi ni karibu na bar 1, kisha izamishe majini kwa dakika 10. Pakitoka povu hata moja, irudishe dukani.

Hatua ya 5: Tafuta kilichoiua ya kwanza

Maji machafu na umeme unaopotea huila metali kutoka ndani. Weka ncha hasi ya multimita (kipimo cha umeme) kwenye hasi ya betri na ncha chanya ndani ya maji ya rejeta kubwa, injini ikiwa ya baridi na kifuniko kikiwa wazi. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, safisha mfumo, weka kulanti mpya (maji maalumu ya kupozea injini), na ukague waya za ethi, zile zinazounganisha hasi ya betri na bodi na injini. Badilisha pia mipira na klipu, na usisahau sponji za kuzunguka rejeta.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, rejeta iliyotolewa kwenye gari bovu inafaa?
Jibu: Siishauri, ndugu yangu, kwa kuwa umri wake hukaribia ule wa unayoitoa. Ikiwa ni ya shaba na mpya haipatikani, ipeleke kwa fundi wa rejeta aiweke kiini kipya, yaani mirija mipya, ndani ya matangi yaleyale.

Swali: Je, dawa ya kuziba matundu haiwezi kuniondolea kazi yote hii?
Jibu: Huweza kuzuia tundu dogo kwa muda, lakini mirija ya hita ni myembamba, na dawa hiyohiyo huweza kuiziba.

Swali: Naweza kuendesha wakati nasubiri spea?
Jibu: Ndiyo. Injini ikiwa ya baridi, unganisha mipira miwili ya hita kwa kipande cha bomba na klipu, jaza maji na utoe hewa. Hutakuwa na joto wala cha kuondolea ukungu, kwa hiyo epuka safari za baridi kali. Kama hita yako ina vali ya kurudishia maji, uliza kwanza jinsi ya kuiunganisha.