Jinsi ya kuomba ukaguzi wa saiti Dodoma ukishapata kibali cha ujenzi, na nani anatakiwa kuja lini

Wakuu, watu wengi hapa Dodoma wakishapewa kibali cha ujenzi wanaona mambo yameisha, karatasi inaingia kwenye bahasha moja na hati, fundi anapigiwa simu aanze kuchimba. Kibali kina masharti yake, yasome yote hata kama maandishi ni madogo, na mojawapo ni kwamba jengo likaguliwe hatua kwa hatua linavyopanda. Huo ukaguzi haujileti, unauomba. Na ukiacha wa jiji kuna watu wengine ambao umeshawalipa au utawalipa waje saiti, mbunifu, injinia na mkandarasi mwenyewe, hao nao wasipobanwa mapema utawaona siku ya kusaini malipo tu.

Naanza na kibali kwa kifupi maana hicho wengi mnakijua. Zamani ilikuwa unaenda CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ikavunjwa 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo tangu 2018 ni Jiji (wazee wa hapa mpaka leo wanasema "ramani ya CDA", ukisikia hivyo usishangae). Sasa hivi maombi unapitisha kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unapandisha ramani na nyaraka za umiliki wa kiwanja, unapewa kontrol namba, unalipia benki au kwa simu. Ukikwama nenda ofisi za Jiji ukaulize dirishani, usimpe mtu wa kijiweni hela akushughulikie.

Kibali kikitoka, kabla hujasaini na mtu yeyote, hakiki majina. Mbunifu majengo anasajiliwa AQRB, injinia ERB, mkandarasi CRB, na bodi zote tatu zina tovuti, unaingiza jina unaangalia yupo au hayupo. Makandarasi wa majengo wana madaraja kuanzia la 1 hadi la 7, la 1 ndo kubwa, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi, kwa hiyo wa daraja la 7 akikwambia anabeba ghorofa lako la biashara mwombe cheti chake kwanza ukisome. Kuna mchezo wa kukodisha cheti, kampuni jina lake lipo kwenye bango ila saiti hujawahi kumuona mtu wake hata mmoja, yupo fundi mkuu na vibarua basi. Hapo dawa ni moja, kwenye mkataba liandikwe jina la mtu wa kampuni atakayekuwepo saiti kila siku ya kazi, na namba yake ya simu.

Sasa hapa ndipo watu wanapochanganya. Mbunifu akija saiti haji kusimamia. Anakuja kwa vipindi kulingana na kazi ilipofika, anaangalia kama kinachojengwa kinafanana na ramani aliyochora, anajibu maswali, akiona kasoro anaiandika na kukwambia wewe mwenye mali. Hahesabu ndoo za mchanga wala hamfundishi fundi kupanga tofali. Namna ya kufanya kazi, usalama wa vibarua, jukwaa lifungwe vipi, udongo uliochimbwa usimwangukie mtu, mzigo huo ni wa mkandarasi asubuhi mpaka jioni, na yeye ndo anayetakiwa kushughulika na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kuhusu saiti yake. Kwa hiyo ukiona ukuta umepinda halafu unampigia mbunifu kumfokea "ulikuwa wapi", jiulize kwanza mkandarasi alikuwa wapi. Kama unataka jicho la kila siku ambalo halitoki kwa mkandarasi, ajiri mwangalizi wa saiti na mshahara wake umlipe wewe mwenyewe. Akilipwa na mkandarasi ameshakuwa mtu wa mkandarasi, hakuna namna.

Basi kwenye mkataba wa mbunifu na injinia weka hatua za kuja. Mimi huwa nashauri hizi: siku ya kuseti msingi kwa kufuata bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), mashimo yakishachimbwa kabla ya kumwaga chochote, nondo za msingi na nguzo zikishafungwa, kabla ya jamvi (zege la sakafu ya chini), kabla ya mkanda wa linta (zege la juu ya milango na madirisha), kabla ya kila slebu (zege la sakafu ya juu) kama ni ghorofa, kenchi za paa zikishasimama, na mwisho kabisa. Andika pia nani analipa nauli na kama ada ya kutembelea saiti imo kwenye bei ya ramani au ni ya pembeni, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo, mteja anajua kalipia kila kitu, mbunifu anajua kauza ramani tu. Na ukiwa na mbunifu wa Dar, kile kisingizio cha umbali kimepungua, tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma.

Mashimo ya msingi yasichukuliwe poa hapa kwetu. Kuna maeneo udongo ni mweusi, wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba na jua likiwaka unapasuka mpaka unaingiza mkono, na unaweza ukaukuta kona moja ya kiwanja wakati kona nyingine ni mchanga mwekundu mgumu kabisa. Ramani imechorwa mezani, huo udongo unaonekana siku ya kuchimba tu, na injinia akiuona anaweza kubadilisha kina au aina ya msingi palepale. Halafu tupo kwenye ukanda wa matetemeko, mwaka 2002 lilipita moja hapa Bunge likiwa kwenye kikao. Ndo maana nasema injinia asimame pembeni ya shimo kwa miguu yake, kumtumia picha kwa WhatsApp haitoshi.

Twende kwenye kuomba ukaguzi wa Jiji. Unaandika barua fupi, unaambatanisha nakala ya kibali, unapeleka masjala upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Muhuri huo ni muhimu kuliko barua yenyewe, kesho mtu akija kuandika SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu ukutani una cha kumuonyesha. Barua iwe hivi:

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Dodoma,
DODOMA.

YAH: OMBI LA UKAGUZI WA HATUA YA MSINGI, KIWANJA NA. ... KITALU ... , ENEO LA ...

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa kiwanja tajwa chenye kibali cha ujenzi namba ... cha tarehe ... Uchimbaji wa msingi umekamilika na nondo zimefungwa. Naomba mkaguzi wa majengo afike saiti kabla ya kumwaga zege, tunalotarajia kumwaga tarehe ... Mkandarasi ni ... na injinia ni ... , wote watakuwepo. Simu yangu ni ...

Weka sahihi, tarehe, basi. Usijaze maneno. Peleka siku kadhaa kabla, usiende Ijumaa mchana kuomba mtu aje Jumamosi asubuhi, na ukishapeleka mpigie mkaguzi mwenyewe umuelekeze njia, maana kule Iyumbu na Nala na Mkonze barabara nyingi hazina vibao na mtu anaweza kuzunguka saa nzima anatafuta mtaa. Ukishamuona mara moja hatua zinazofuata zinakuwa rahisi, unabadilisha tu neno "msingi" unaweka "linta" au "slebu".

Siku ya ukaguzi saiti iwe na vitu hivi, na hapa wengi wanaumbuka: bango la mradi lenye majina ya mwenye jengo, mbunifu, injinia na mkandarasi, kibali, ramani zilizogongwa muhuri (zile zenyewe, fotokopi iliyofifia hapana), na kitabu cha saiti. Hiki kitabu ni kaunta buku ya kawaida tu. Kila anayekuja anaandika tarehe, alichoona, alichoagiza, anasaini, na mkandarasi anasaini chini yake kwamba amesoma. Maagizo ya mdomo saitini huwa yanayeyuka, injinia anasema ongeza nondo, fundi anaitikia "sawa bosi", gari likiondoka kazi inaendelea vilevile. Yakiandikwa yanabaki. Na ziara inayofuata ianze kwa kufungua ukurasa wa mara iliyopita, kitu kwa kitu, kimefanyika au bado.

Niwape mfano wa slebu maana hapo ndo penye hela na hatari. Injinia akipanda juu ya boksi, yaani mbao zitakazoshika zege, anatoa tepu, anapima nafasi kati ya ringi za bimu (vyuma vinavyozungushiwa nondo). Ramani inasema kila milimita 150, fundi kaweka 250 "ili nondo zitoshe". Anaangalia chini ya nondo kama kuna vipande vya zege vya kuzinyanyua, la sivyo zimelala kwenye mbao na zege likimwagwa chuma kinabaki nje tumboni mwa slebu kinaanza kula kutu. Anatikisa mirunda, zile nguzo za miti zinazobeba boksi kwa chini, mmoja umesimamishwa juu ya tofali mbili zilizopandana, anaamuru utolewe uwekwe mrefu. Anauliza mashine ya kushindilia zege iko wapi na kama ina mafuta. Ukaguzi wote huo unaisha kabla ya chai, na kurekebisha ringi ni kazi ya asubuhi moja, ila zege likishamwagwa hakuna tena wa kuziona. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar likiwa bado linajengwa, zaidi ya watu 30 walifariki, na 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo watu wakiwa ndani na biashara zao. Kwa hiyo mkaguzi akisema simamisha, simamisha, hata kama lori la kokoto limeshashusha na vibarua wanakudai posho ya siku.

Siku ya kumwaga zege mkandarasi achukue sampuli kwenye maboksi ya chuma ya milimita 150 kila upande, zikapimwe maabara siku ya 7 na ya 28. Majibu yaje kwako pia, yasiishie kwenye mafaili ya kampuni. Halafu maji. Upepo wa Dodoma wa kuanzia mwezi wa 7 mpaka wa 9 unakausha zege kabla halijashika vizuri, asubuhi unamwaga, jioni unaona nyufa nyembamba kama nywele zimetapakaa. Magunia yaliyoloana yawe juu yake na mtu wa kumwagilia awepo wiki nzima angalau, na tanki liwe limejaa kabla, usitegemee bomba siku hiyo. Injinia akipita katikati ya wiki bila taarifa akakuta magunia makavu, kitabuni.

Je mbunifu au injinia asipokuja? Mpe taarifa kwa maandishi, email au meseji inatosha, taja kipengele cha mkataba na tarehe uliyomhitaji, na zege lisimwagwe. Akiendelea kukupiga chenga bodi yake inapokea malalamiko, ambatanisha mkataba na kurasa za kitabu cha saiti. Mkandarasi naye hivyohivyo kwa CRB. Kuhusu wale wanaosaini fomu ya ukaguzi wakiwa ofisini bila kufika, usikubali hata kama inakuokolea muda, ile sahihi siku ya matatizo itasema wewe ulishirikiana nao.

Jengo likiisha unaandika barua ileile kwa mara ya mwisho, sasa ukiomba ukaguzi wa kukamilika ili upewe ruhusa ya kulitumia, na mbunifu anatembea chumba kwa chumba anaorodhesha kasoro, mlango unaokwaruza, soketi isiyowaka, bomba linalodondosha. Mkataba mzuri unakuwa umezuia sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Sasa angalia kalenda yetu, mvua zinaanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka mwezi wa 4. Ukikabidhiwa nyumba mwezi wa 8 paa halijaonja hata tone, kwa hiyo panga ziara ya mwisho ya mbunifu na mkandarasi iwe mvua zikishapita, wapande darini waangalie madoa kwenye mbao, wazunguke msingi waone maji yalituama wapi, ndo hela iliyobaki itoke.