Jinja kwa siku moja: anzeni mbali

Kikundi kikitoka Kampala kwenda Jinja, kama kilomita 80, anzeni na kituo cha mbali. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mpande boti kwenye chanzo cha Nile kwanza. Msitu wa Mabira na kuku wa kuchoma wa Namawojjolo, soko la kando ya barabara, vyote viko njiani, viwe vya kurudi (wachuuzi watazingira gari na mishikaki madirishani, patana bei kabla ya kupokea). Asubuhi foleni nzito huingia mjini, jioni hutoka, nanyi mnakwenda kinyume chake. Kila mtu abebe kitambulisho: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini hifadhini, asiyenacho huenda akatozwa cha mgeni. Jumapili jioni mpango huu haufai, kila mtu anarudi Kampala.